Tshibumba Kanda Matulu: mchoraji aliyetundika historia ya Kongo ukutani

Miaka ya 1970, mgeni akiingia katika nyumba ya mfanyakazi huko Kenya, Katuba au Kamalondo, mjini Lubumbashi, alikaribishwa kwenye kiti cha saloni. Macho yake yalienda moja kwa moja ukutani. Pale juu ya kiti, karibu na picha ya ndoa na redio, palikuwa na tablo. Pengine ilikuwa ya mamba-muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na shida. Pengine ilionyesha kijiji cha mababu, na moshi wa jioni. Na mara nyingi ilikuwa ile ambayo watu wa mji waliiita Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, Mzungu amesimama anaangalia, bendera ya Ubelgiji inapepea, na wake wa wafungwa wanangoja na chakula.

Juu ya nini mtu anunue picha ya mateso aiweke mahali anapokunywa chai na wageni? Wachoraji na wateja wao walikuwa na neno moja la kujibu: ukumbusho. Tablo haikuwa pambo tu. Ilitundikwa ili mtu aanze kusema, mzee aeleze, mtoto aulize. Kati ya wachoraji wote wa Lubumbashi waliofanya kazi ya ukumbusho, mmoja alikwenda mbali kuliko wengine. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu. Alichora historia ya nchi nzima, kutoka mababu mpaka siku zake mwenyewe, juu ya vitambaa vya gunia la unga.

Mtoto wa Elisabethville

Tshibumba alizaliwa mwaka wa 1947, wakati Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Elisabethville. Asili ya familia yake ilikuwa Kasai, sawa na familia nyingi zilizofika Katanga juu ya kazi ya shaba na reli. Mji ule ulijengwa kwa mstari: upande mmoja Wazungu, upande mwingine cité ya Waafrika, na juu ya wote chemine ya Union Minière ikitoa moshi.

Wazee waliomzunguka walikuwa na mambo mengi ya kukumbuka, na mengi hayakuwa mu vitabu vya shule. Kulikuwa na mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipoomba mshahara uongezwe wakati wa vita. Walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira, na tarehe 9 Desemba askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyo, aliyesema kwa niaba ya wafanyakazi, aliuawa siku ile. Kulikuwa pia na habari ya Simon Kimbangu, mhubiri wa Bas-Congo, aliyekamatwa mwaka wa 1921 na kuletwa kufungwa mbali na kwao, hapa hapa Elisabethville. Alikufa hapa mwaka wa 1951, baada ya miaka 30 ya buloko. Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka minne.

Halafu ikaja Uhuru, na matata yake. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na Patrice Lumumba akatoa hotuba yake mbele ya mfalme Baudouin. Siku 11 baadaye, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga inajitenga. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ikatua Elisabethville. Ndani yake walikuwamo Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa mikono na kupigwa. Usiku ule ule wakauawa porini, si mbali na mji. Katika mwaka huo huo watu wa Kasai kwa maelfu wakakimbia nyumba zao mjini, wakaenda kulala kwenye kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Katanga ikarudi kwa Kongo mwezi wa kwanza wa 1963.

Mtu aliyekua mu mji wa namna ile hakuwa na haja ya kutafuta mbali mambo ya kuchora.

Rangi na gunia la unga

Lubumbashi ilikuwa na mahali pa kujifunza sanaa. Kulikuwa na Hangar, karakana iliyofunguliwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka wa 1946, walikotoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Kulikuwa na Académie ya sanaa, iliyoanzishwa mwaka wa 1951. Samaki na ndege za Pilipili zilinunuliwa na Wazungu na zikasafiri Bulaya.

Tshibumba hakutoka huko. Alikuwa upande mwingine wa kazi, pamoja na wachoraji wa cité, watu kama Burozi na B. Ilunga, waliojifunza wenyewe au kwa kuangalia mkono wa mwenzao. Hawa walichora kwa ajili ya watu wa mtaani. Kitambaa chao kilikuwa gunia la unga, lililofuliwa, likavutwa juu ya mbao nne, likapakwa rangi nyeupe kwanza ili lisinyonye. Halafu ikafuata kalamu, na baada ya kalamu rangi. Kazi ikikauka, mchoraji alibeba matablo begani, akapita nyumba kwa nyumba, baa kwa baa, mpaka mu miji ya migodi kama Likasi na Kolwezi. Huko ndiko kulikuwa maonyesho yao. Hapakuwa na ukumbi wala mtu wa kukata utepe. Mlango ulifunguliwa, mama akaita bwana wake, watu wa parseli wakakusanyika, wakaanza kubishana bei na kubishana kama picha inasema kweli.

Bei ilikuwa ndogo, na mchoraji alikula kile alichouza. Kwa hiyo walirudia. Kama watu wanataka Colonie belge, inachorwa Colonie belge, kesho tena, kesho kutwa tena. Tshibumba naye alirudia, juu ya njaa haingoji. Lakini hakutaka kazi yake iishie hapo. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Kwake mchoraji alikuwa mtu wa kuwaza. Mkono unakuja nyuma ya mawazo, na mtu anayechora bila kuwaza anapaka rangi tu. Alisoma, alisikiliza redio, aliuliza wazee, alikusanya picha za magazeti, akaweka yote pamoja kichwani. Juu ya matablo aliandika maneno kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, na chini aliweka jina: Tshibumba K.M.

Mlango wa profesa

Mwaka wa 1973, katika kupita kwake nyumba kwa nyumba, alifika kwenye nyumba ya Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa anafundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian na mke wake wa wakati ule, Ilona Szombati, walikuwa wanachunguza sanaa ya cité, na milango yao ilijulikana kwa wachoraji. Tshibumba aliuza kilichokuwa begani. Lakini aliacha pia wazo: kwamba angeweza kuchora historia yote ya Zaire, tangu mwanzo, tablo kwa tablo, kama mtu akimnunulia. Fabian akakubali.

Kuanzia pale mpaka mwisho wa 1974, Tshibumba aliendelea kurudi na kazi mpya. Alipanga matablo kwa zamu, akaeleza moja moja, na Fabian akawasha mashine ya kurekodi sauti. Walisema Kiswahili, kile cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani yake. Tshibumba alisimulia, profesa akauliza, mara wakapingana, mara wakacheka. Kazi ilipokwisha, matablo ya historia yalikuwa zaidi ya 100.

Yanaanza na nchi ya mababu kabla ya mgeni yeyote. Anafika Diogo Cão, Mreno, kwenye mdomo wa mto Kongo. Wanakuja wafanyabiashara wa watumwa, Livingstone, Stanley. Anaonekana Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliyekataa bendera ya Leopold na kupigwa risasi na kapiteni Bodson tarehe 20 Desemba 1891, na Bodson naye akafa palepale. Inafuata fimbo ya Bula Matari, reli, misheni, Kimbangu mbele ya waamuzi, na wafanyakazi wa 1941 chini ya risasi. Halafu vinakuja vyama, Januari 1959 huko Léopoldville, Uhuru, kujitenga kwa Katanga, vita, Mobutu. Na mwishoni hakubaki tu kwa mambo yaliyopita. Aliweka pia matablo juu ya siku zijazo, vile yeye alivyoziona.

Tarehe zake hazilingani zote na vitabu. Mahali pengine mambo mawili yanakutana mu tablo moja wakati mu vitabu yanatengana miaka. Mtu akisahihisha kama mwalimu wa shule, atapata makosa. Lakini Tshibumba hakuwa anarudia somo la shule. Alikuwa anatoa historia ile iliyosimuliwa mu parseli, ambamo kilichotangulia ni nani alimpiga nani, nani aliteswa, na nani alikaa kimya. Kabla yake, mwaka wa 1965, wafanyakazi wa nyumba za Wazungu walikuwa wameandikisha mambo ya mji huu katika kitabu kidogo cha Kiswahili kinachoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, kazi ya André Yav. Tshibumba alifanya kwa rangi kile ambacho watu wale walifanya kwa wino. Wote wawili waliona kwamba historia ya Kongo imeandikwa na wengine, na kwamba wenyeji wana ya kwao.

Lumumba kwenye msalaba

Mtu aliyerudi zaidi mu kazi yake ni Lumumba. Tshibumba alimchora akitoa hotuba, akishuka kwenye ndege mikono imefungwa, akiwa buloko. Na alichora kifo chake namna ambayo watu wameona mara moja hawasahau. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini, wamekufa. Ubavuni mwa Lumumba damu inatoka. Nyuma yao, mbali, inasimama misalaba mitatu. Mtu yeyote aliyepita mu katekisimu anaelewa bila kuambiwa: hapa ni Golgota ya Kongo.

Kumfananisha Lumumba na Yesu haikuwa mchezo. Nchi ilikuwa na chama kimoja, MPR, na chama kilikuwa na masikio mu kila avenyu. Ni kweli kwamba Mobutu mwenyewe alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka wa 1966. Kwa hiyo jina lake lilikuwa halali. Lakini swali la nani alimuua, na nani alifaidika, halikuwa halali kuulizwa. Tablo inaweza kuuliza bila kufungua mdomo. Mwenye nyumba akihojiwa, anasema ni picha tu ya shujaa, na serikali imemkubali. Wageni wakiondoka na watoto wakibaki, anaweza kusema mengine.

Tshibumba alijua kucheza na mpaka ule. Juu ya mambo ya zamani alisema wazi. Alipokaribia siku za Mobutu, alipunguza maneno, akaacha picha iongee. Wanaosikiliza mazungumzo yake na Fabian wanasikia pia mahali anapopita haraka. Alikuwa mtu anayesema kweli huku akijua kwamba kesho anapaswa kuendelea kuishi Lubumbashi.

Miaka mibaya

Wakati Tshibumba anamaliza kazi ile, maisha ya wateja wake yalikuwa yanaanza kuharibika. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na biashara za wageni zikapewa Wazaire. Maduka mengi yakawa matupu. Halafu bei ya shaba ikaanguka duniani, na Gécamines, iliyorithi Union Minière, ikaumia. Fabian aliondoka Zaire mwisho wa 1974. Mwaka wa 1977 vita vikaingia Shaba, na Mei 1978 ikawa zamu ya Kolwezi.

Mfanyakazi ambaye mshahara wake haufiki kwenye unga hanunui tablo. Na gunia lenyewe la unga lilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Wachoraji wengi wa cité wakaacha. Wengine wakarudi mu mambo ya kuandika majina ya maduka na kupaka kuta za baa. Tshibumba aliendelea bado, akachora kwa ajili ya wateja wachache waliobaki, wakiwemo wachunguzi wengine wa chuo kikuu, kama mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki.

Kisha, mwaka wa 1981, habari zake zikakatika. Alikuwa na miaka 34 hivi. Waliomtafuta baadaye hawakumpata. Hakuna kaburi linalojulikana, hakuna tangazo la matanga lililobaki. Miaka imepita zaidi ya 40, na watu wamemhesabu kati ya wafu. Mtu aliyechora vifo vya wengine kwa makini vile, akaandika tarehe na majina yao kwa herufi kubwa, yeye mwenyewe hakupata mtu wa kumchorea cha kwake.

Matablo yalikwenda wapi

Yale aliyouza mlangoni, mu Lubumbashi, Likasi na miji mingine, mengi yameisha. Kitambaa cha unga hakistahimili mvua inayopita mu mabati, wala mchwa, wala familia inayohama na mizigo michache. Yaliyobaki ni yale yaliyonunuliwa na watu wa chuo kikuu na kupelekwa nje.

Mkusanyo wa Fabian uko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum. Mwaka wa 1996 Fabian alitoa kitabu kikubwa chenye matablo ya historia na maelezo ya Tshibumba mwenyewe. Mwaka wa 1999, kazi zake zilionyeshwa New York katika maonyesho juu ya Lumumba na sanaa ya mjini, yaliyotayarishwa na Jewsiewicki. Mwaka wa 2016, matablo ya cité za Kongo yalijaza ukumbi wa BOZAR, Brussels, katika maonyesho yaliyoongozwa na Bambi Ceuppens pamoja na Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi. Hivi leo jina la Tshibumba linatajwa mu vyuo vikuu vya Marekani na Bulaya, na wanafunzi wanaandika juu yake.

Kuna watu wanaona hapo wizi, kwamba Wazungu walichukua shaba na wakachukua ukumbusho pia. Lakini Tshibumba hakunyang'anywa. Yeye ndiye aliyepiga hodi, yeye ndiye aliyetoa wazo, na alijua vizuri kwamba profesa atapeleka kazi ile mbali. Alitaka isikike. Na bila mlango ule mmoja kufunguka, leo hakungekuwa na historia yake ya Zaire hata kidogo. Mvua ingekuwa imemaliza yote. Hasara ni nyingine. Tablo ya ukumbusho ilifanywa ili ining'inie mahali watu wanapokula na kubishana, na mzee awepo wa kusema siku ile nilikuwako. Ndani ya jumba la makumbusho, tablo ni salama, lakini hakuna mtoto wa Katuba wa kuuliza huyu aliyelala chini ni nani.

Lubumbashi haikuacha kuchora. Tangu mwaka wa 2008, Picha, shirika la wasanii wa mji, linaandaa maonyesho makubwa kila baada ya miaka michache, na wasanii wanatoka nchi nyingi kuja kuonyesha kazi zao hapa, si kungoja kuitwa Bulaya. Kuta za mji bado zina rangi: matangazo ya mafundi wa nywele, wa simu, wa chakula, yote yamechorwa kwa mkono. Kazi ya Tshibumba ilitoka mu udongo ule ule.

Na kitu kimoja chake kinaweza kurudi bila ndege. Mazungumzo aliyorekodi mwaka wa 1973 na 1974 yameandikwa neno kwa neno, na yamewekwa kwenye intaneti pamoja na maandishi mengine ya Kiswahili cha Katanga. Wanafunzi wa mbali wanapaswa kuyasoma kwa tafsiri. Mama wa Kenya, mchimbaji wa Kolwezi, mwanafunzi wa Likasi, wao hawahitaji mtu wa kuwatafsiria. Kuona matablo yenyewe kunataka pasipoti, viza na tiketi. Kumsikia Tshibumba akieleza kwa nini Lumumba ana damu ubavuni kunataka tu kujua Kiswahili cha hapa.